Siku ya Tatu ya Kisima

Kazi ya kupima visima virefu ni kazi ya watu wabishi. Mtu mwingine akitaka kujua kilichomo chumbani hufungua mlango. Mpimaji wa visima hupiga hodi juu ya ardhi, akatega sikio, kisha akaandika ripoti ya kurasa arobaini kuhusu chumba ambacho hatakiona mpaka anaingia kaburini. Na watu humwamini! Hapo ndipo penye hatari, maana anayeaminiwa kwa jambo lisiloonekana, siku akikosea hakuna wa kumshika mkono.

Mwanamke tunayemsimulia alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Walimwita Bi Presha, kwa sababu kila alipofika kwenye kisima swali lake la kwanza lilikuwa "presha ikoje?" Hospitalini, ambako presha ni ugonjwa, manesi walimtania avute kiti wampime na yeye, naye alikuwa akiwachekea.

Jumamosi hii hakucheka na mtu. Alifika saa kumi na moja jioni, wagonjwa wa mwisho wa kusafishwa damu wakichomolewa mashine, akapitiliza mpaka nyuma ya jengo kwenye banda la bati lililofunika kisima. Fundi pampu alikuwa anamngoja mlangoni na spana yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu siku kisima hicho kilipochimbwa, naye alikuwa mtu wa maneno mengi, hasa akiwa na hofu.

"Dada, mimi nilishasema ni pampu," alianza hata kabla ya salamu. "Imechoka. Nguvu ya maji imepungua. Tubadilishe pampu, tupumzike."

"Pampu haina kosa. Zima."

"Nizime kabisa?"

"Mpaka Jumatatu alfajiri. Nisipokuambia uwashe, hakuna kuwasha."

Akazima. Banda likawa kimya, na kimya hicho ndicho Bi Presha alichokifuata. Chini kabisa ya kisima, kwenye waya mrefu, alikuwa ameteremsha kipimo, chuma kinene kama tochi, ambacho kazi yake ni moja tu: kusema kimeelemewa na maji ya urefu gani. Pampu ikivuta, maji yanashuka na mzigo unapungua. Pampu ikizimwa, maji yanarudi. Jinsi yanavyorudi, na mahali yanapogota, ndiyo habari yote ya chini. Kitengo cha kusafisha damu kilikuwa hakifanyi kazi Jumapili, kwa hiyo alipewa saa thelathini na saba. Zaidi ya hapo hakuna ambaye angethubutu kumpa, kwa sababu kulikuwa na watu arobaini ambao figo zao zimekufa, na damu yao husafishwa kwa maji ya kisima hicho.

Si kwamba mji haukuwa na maji mengine. Yalikuwepo, ila yalikuwa na chumvi ya kuua vichujio vya mashine kwa wiki moja. Malori ya maji yalishajaribiwa, chumvi ile ile. Visima vitatu vilichimbwa kwenye uwanja wa hospitali, vyote chumvi. Cha nne kikatoa maji laini, matamu, na watu walipiga vigelegele kama wameona mwali. Bi Presha akakipima, akaandika: miaka ishirini na mitano. Kwa neno lake hilo hospitali ikajenga kitengo, ikaleta mashine, ikawafungulia mlango watu waliokuwa wakingoja kufa majumbani kwao.

Mmoja wa watu hao arobaini alikuwa baba yake.

Mzee huyo naye alikuwa mtu wa visima, ila vya sururu na ndoo, kabla magoti hayajamgomea. Mkewe alikwisha kufa, na mtoto wake alikuwa huyu mmoja tu, ambaye mzee alimwita "mama" tangu akiwa mdogo, na waliishi nyumba moja. Akiwa amelala kwenye mashine, Jumatatu na Alhamisi, aliwachosha wagonjwa wenzake: "Maji haya mnayoyaona kayapima binti yangu. Nyinyi mnasafishwa na serikali, mimi nasafishwa na mwanangu." Kisima chenyewe alikiita kisima changu, na hakuna aliyemkatalia.

Yeye ndiye aliyemfundisha bintiye somo la kwanza la kazi. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee alikuwa akisema kisima nacho ni mgeni. Siku mbili za kwanza kitakuonyesha adabu, kitakupa maji mpaka uone haya kukishuku. Siku ya tatu kipe jembe, teka bila huruma, ndipo utajua umemkaribisha nani. Bi Presha alipokwenda chuoni akakuta vitabu vizito vinasema jambo hilo hilo kwa hesabu: vuta maji saa sabini na mbili mfululizo, andika presha, usikatishe. Alicheka siku hiyo, akampigia baba yake simu kumwambia kwamba maprofesa wamemwibia maneno.

Basi, kwa nini hakuyafuata?

Ilikuwa hivi. Miaka miwili na miezi minne iliyopita, kisima kikiwa kipya, alikaa kwenye banda hili hili na fundi pampu huyu huyu, wakavuta maji na kuandika. Wapimaji wana mwiko wao: daftari moja, mkono mmoja. Wawili wakisoma kipimo kimoja, kila mmoja ana jicho lake, na namba zinaanza kugombana. Bi Presha aliushika mwiko huo kuliko wenzake wote, na kusema kweli lilikuwa jambo la kiburi pia. Hakuwa anapenda mwandiko wa mtu mwingine kwenye karatasi yake. Kila namba aliiweka kwenye grafu kwa penseli, na nukta zikajipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, saa ya kumi, saa ya ishirini, saa ya thelathini. Mstari ulionyooka maana yake maji yanakuja kutoka mbali na hayajagonga ukuta wowote.

Saa ya thelathini na moja simu ikalia. Jirani alikuwa anapiga kelele kwamba mzee ameanguka mlangoni mwa bafu, amevimba miguu, hajui hata alipo.

Fundi pampu alimwambia, "Nenda dada, mimi nitasoma namba." Angekubali, kisima kingevutwa mpaka mwisho. Lakini mwiko ni mwiko, na kiburi ni kiburi. Akasema zima. Akakimbia.

Zile zilikuwa ndizo siku walizoambiwa kwamba figo za mzee zimekwisha. Bi Presha alilala kwenye benchi la wodi siku tano, na siku ya sita mkuu wa kazi akamwomba ripoti, kwa sababu mtambo wa kuchimbia ulikuwa unahama. Kupima upya kulihitaji siku tatu, na yeye hakuwa na hata saa tatu. Akaitazama grafu. Mstari umenyooka kama uzi wa mwashi. Akachukua rula, akauvuta mpaka saa ya sabini na mbili, akapanda nukta juu yake moja moja, nyingine juu kidogo, nyingine chini kidogo, zionekane zimepimwa. Hakuona kama anadanganya. Aliona anamalizia sentensi ambayo kila mtu anajua inaishaje.

Sasa ilikuwa Jumapili, saa ya ishirini na tano tangu pampu izimwe, na maji yalikuwa yameacha kupanda.

Alisoma kipimo tena, akasubiri, akasoma tena. Siku ya kwanza kabisa, kisima kikiwa kibichi, kulikuwa na mita sitini na mbili za maji juu ya kipimo. Leo yamerudi mpaka thelathini na nne, yakagota hapo. Kisima kilichounganishwa na maji ya mbali hurudi mpaka kilipoanzia, hata kwa kujikokota. Hiki hakikuwa na pa kupata maji mengine. Kilikuwa kasha la mawe, limefungwa pande zote, na kila kikombe kilichotoka hakikurudishwa. Ukuta ulikuwepo tangu siku ile. Alipopiga hesabu kurudi nyuma, akaona mstari wake ungepinda saa ya arobaini, saa tisa tu baada ya kusema zima.

"Sema kitu, dada," fundi pampu alimwambia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amechoka hata kuongea.

"Mita ishirini na nane kwa miezi ishirini na minane. Mita moja kila mwezi." Alikuwa anaongea na daftari. "Pampu ikivuta inashusha kumi na tisa nyingine. Na nane lazima zibaki, la sivyo inavuta hewa. Toa mwenyewe."

Fundi akatoa kwa vidole. "Saba."

"Miezi saba."

"Na bomba la maji linalojengwa kutoka mtoni?"

"Mkandarasi anasema miezi thelathini."

Fundi alivua kofia, akaivaa. "Mimi nilikuwepo," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyezima. Mstari ule hata kipofu angeumalizia. Tuseme pampu imechoka, dada. Tuagize nyingine. Huenda bomba likawahi, huenda Mungu akaleta njia."

Alikuwa anamwonea huruma, wala hakuwa mtu mbaya. Na Bi Presha, tusimpambe, alilifikiria wazo hilo kwa muda mrefu. Aliyatamani maneno hayo yote, pampu, huenda, Mungu. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuja na orodha ya majina arobaini. Alikunja karatasi, akaomba radhi kwa fundi kana kwamba ndiye aliyemkosea, akaingia kunawa uso.

Jumatatu asubuhi, baba yake akiwa tayari kwenye kiti chake chumba cha pili, akaingia ofisini kwa daktari mkuu. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyewajua wagonjwa wote arobaini kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Bi Presha akaweka karatasi mbili mezani.

"Tukiendelea hivi, miezi saba, halafu hakuna tone. Tukitumia nusu, kisima hakishuki sana pampu ikivuta, na maji yanakwenda polepole. Miezi thelathini na mitatu. Bomba litakuwa limefika."

"Nusu ya nini?" daktari aliuliza, ingawa alishaelewa. "Bustani hatumwagilii. Nguo tunafulia maji ya chumvi. Wagonjwa wangu wanasafishwa mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Nimebakiwa na nini cha kupunguza?"

Bi Presha akageuza macho kuelekea chumba cha pili.

"Watu ishirini," daktari akajijibu mwenyewe. Akavuta jalada la zamani kutoka kabatini, akafungua ukurasa wenye grafu, akaweka kidole. "Huu ukuta unaoniambia, mbona hapa haupo? Hapa una nukta mpaka saa ya sabini na mbili."

"Zangu zinaishia hapa." Akaonyesha saa ya thelathini na moja. "Zilizobaki nilizichora kwa rula."

Daktari hakufoka. Laiti angefoka! Alilitazama jalada, halafu dirisha, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Tungejua, tungeanza na ishirini. Yule wa ishirini na moja nisingemwambia aje. Angekufa nyumbani kwake bila mimi kumpa matumaini kwanza." Akafunga jalada. "Nenda. Kamati ya hospitali inakaa keshokutwa."

Kamati ilikaa. Haikuwa na la kuchagua ila kanuni, na kanuni ikawa umri: walio chini ya miaka hamsini na watano, kisha wenye watoto wadogo. Orodha ingeanza Jumatatu inayofuata. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Alhamisi daktari akamwita tena, akafunga mlango. Safari hii hakukaa kwenye kiti chake, alikaa upande wa wageni, goti karibu na goti.

"Kuna jambo moja naweza kulifanya, nalo kamati haitaliuliza. Ishirini na mmoja badala ya ishirini. Nipigie hesabu."

Bi Presha alikuwa ameshaipiga. Ameipiga tangu Jumapili, mara nyingi kuliko alivyowahi kupiga hesabu yoyote. "Miezi thelathini na nusu."

"Na bomba ni thelathini. Basi inatosha!"

Ingetosha, kwenye karatasi. Mpimaji alimtazama daktari aliyekuwa anampa uhai wa baba yake kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila kelele. "Hiyo nusu mwezi ndiyo unene wa penseli yangu, daktari. Kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi hicho. Na mkandarasi ameshachelewa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Akichelewa wiki tatu, wote ishirini na mmoja wanakwenda."

"Nakuuliza kama mtaalamu. Inawezekana au haiwezekani?"

Hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu. Mstari ulikuwa mbele yake tena, na rula ilikuwa mkononi mwake tena, na kwa ajili ya mtu yule yule. Angesema inawezekana, angeaminiwa, kama alivyoaminiwa mwanzo.

"Haiwezekani," alisema. Kisha, "Nyumbani kwetu msipige simu. Nitamwambia mwenyewe."

Ijumaa alasiri alimkuta baba yake uani, amesimama kwenye kamba ya nguo. Alikuwa amefua blanketi lake la kitengo, lile la mistari alilojifunika kwa sababu mashine humtia baridi, na sasa alikuwa analinyoosha pembe kwa mikono iliyojaa makovu ya sindano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja mapema, wamekufukuza?" Akacheka mwenyewe. "Jumatatu nikumbushe hili blanketi. Jana nilisahau, nikatetemeka kama kifaranga. Eti, kisima changu hakijambo? Wenzangu wanasema umekifungia siku mbili nzima."

Mzee alimtazama usoni, akaacha blanketi. Alikuwa ameshuka visima vingi sana maishani mwake, na alijua uso wa mtu anayetazama chini akakuta pakavu.

"Kina ukuta?"

"Kina ukuta. Pande zote."

"Siku ile ya kukipima. Siku ya tatu hukukiona?"

"Siku ya tatu sikukaa, baba. Hata ya pili sikuimaliza. Ulianguka, nikaja kwako. Zilizobaki nikazichora kwa rula." Akamweleza yote, palepale kwenye jua, begi bado begani na viatu vya kazi miguuni: miezi saba, watu ishirini, kanuni ya umri, na mwisho kile alichoulizwa ofisini Alhamisi, na jibu alilotoa. Alidhani hilo la mwisho litamshinda. Lilitoka kama mengine.

Mzee alitafuta kigoda, akakaa. Akatazama maji ya blanketi yakidondoka kwenye mchanga.

"Ulinijia mimi," alisema, kama anayetaka kulishika vizuri. "Ulikiacha kisima kwa ajili yangu." Kisha, "Maji yakimwagika hayazoleki. Na jana ulijibu vizuri. Mimi ningejibu hivyo hivyo, ila nisingekuwa na moyo."

"Baba, nisamehe."

"Hilo tuliache kwanza. Niambie jambo moja. Mashine ya mwisho ilikuwa jana. Bila mashine, mimi ni siku ngapi?"

"Sijui."

"Wewe ni mpimaji."

"Inategemea, baba. Watu wanatofautiana, wengine hukaa hata mwezi, huenda wewe..."

"Mama." Alisema kwa upole kabisa. "Usinichoree kwa rula."

Bi Presha alifumba macho. Daktari alikuwa amemwambia, na ilikuwa namba ya kweli, yenye mwanzo na mwisho. "Siku kumi," alisema. "Labda kumi na mbili. Kuanzia jana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akazihesabu kwa midomo. Akanyoosha mkono, akagusa kamba ya begi begani mwa bintiye, lile lenye daftari na funguo za gari.

"Basi safari hii kaa," alisema. "Kaa mpaka mwisho."

Bi Presha akaliweka begi chini, akavua viatu.